Kubadilisha mipira ya petroli iliyobanwa kwa kola za chuma

Ukifungua boneti ya gari la miaka ya 1970 au 1980 na kuufuata mpira wa petroli kwa kidole, mara nyingi hutakuta klipu mwishoni. Utakuta kola fupi ya chuma, imeminywa kuuzunguka mpira hadi ikabaki na alama za taya za mashine. Hakuna skrubu ya kulegeza wala upenyo wa kuchomeka bisibisi. Hapo ndipo wenye magari wengi hukata tamaa: mpira pamoja na vichwa vyake vya chuma huuzwa kama kitu kimoja, kitu hicho hakitengenezwi tena, na fundi wa kwanza waliyemuuliza amesema haifunguki.

Inafunguka, na wala si kazi ya kutisha. Inadai subira mahali pamoja tu, kwenye ile kola. Mpira mpya utaupata dukani wakati wowote, lakini nipeli ya chuma iliyojificha chini ya kola huipati. Kwa hiyo unapoanza kukata, fikiria kwamba unachokifanya ni kuiokoa nipeli, na mpira ni takataka inayokuzuia usiifikie.

Kilichomo ndani ya kola

Nipeli ni kijibomba chenye meno ya duara yaliyolalia upande mmoja kama kulabu ya ndoano: mpira unaingia, kutoka hautaki. Kola iko juu, imeubana mpira kwenye meno hayo. Wengi hudhani kola ndiyo inayozuia petroli isivuje. Sivyo. Kola inasukuma tu. Kinachozuia petroli ni raba ya ndani ya mpira ikiwa imegandamana na uso laini wa nipeli.

Ndiyo maana mkwaruzo mmoja ni jambo kubwa. Mkwaruzo unaoizunguka nipeli kama pete unaweza kusameheka, kwa kuwa petroli ikiuvuka bado inakutana na raba mbele. Mkwaruzo wa urefu, unaoanzia ncha ya nipeli na kupita juu ya meno yote, ni mfereji. Hakuna klipu itakayouziba.

Mimi nililijua hili kwa njia mbaya. Mara ya kwanza nilipasua mpira mkuukuu kwa wembe, kutoka upande wa kola hadi mwisho, nikiona fahari jinsi ulivyofunguka kama ganda la ndizi. Nikafunga mpira mpya, nikawasha gari, pakavu. Siku ya tatu asubuhi, injini ikiwa baridi, nikasikia harufu. Niliikaza klipu mara mbili, nikabadilisha mpira mara moja, na harufu ilikuwa pale pale. Nilipoitazama nipeli kwa lenzi nikauona mstari mwembamba kama unywele, wembe wangu ulipopita. Wembe ule ule, upande ule ule.

Dalili za mpira uliokwisha

Mpira wa zamani huzeekea ndani kabla ya nje. Raba nyingi za miaka ile hazikutengenezwa kwa petroli iliyochanganywa na ethanoli, na ethanoli pamoja na joto la injini huufanya ukuta wa ndani ukakamae, upasuke, hata umeguke vipande vinavyokwenda kuziba filta na injekta, yaani vali ndogo zinazopulizia petroli kwenye injini. Kwa nje unaweza kuonekana mzima kabisa.

Anza kwenye ukingo wa kola. Hapo ndipo mpira unapopinda kila injini inapotikisika, na hapo nyufa za kwanza hutokea. Ukunje kidogo kwa vidole huku ukimulika kwa tochi. Mpira mzima hukubali kukunjwa na hurudi ulivyokuwa. Uliokwisha ni mgumu kama plastiki, au umelegea ukawa mlaini na unanata. Unyevu unaokusanya vumbi jeusi karibu na kola ni uvujaji hata kama hujaona tone. Kwa gari la injekta, harufu ya petroli asubuhi ya baridi ambayo hupotea injini ikipata moto isikupumbaze. Raba imetanuka kwa joto ikaziba ufa kwa muda, ikipoa ufa utarudi.

Ukikuta mmoja umekwisha, badilisha yote. Ilifungwa siku moja na imekula joto lile lile. Usisahau unaorudisha petroli kwenye tangi, ile mifupi karibu na tangi ambako hakuna anayechungulia, na ya mvuke wa petroli.

Ujue presha kabla ya kununua

Hapa ndipo watu huchoma magari, tena wakiwa na nia njema kabisa. Mpira wa petroli si mpira wa petroli tu. Gari la kabureta hupeleka petroli kwa presha ndogo, kama bar 0.2 hadi 0.4, kidogo kuliko hata unavyodhani. Mfumo wa injekta wa Bosch D-Jetronic, ulioanza mwaka 1967 kwenye Volkswagen Type 3, hufanya kazi kwenye bar 2 na ushei. L-Jetronic, iliyoingia miaka ya katikati ya 1970, hukaa kwenye bar 2.5 hadi 3. K-Jetronic hupanda hadi karibu bar 5. Mpira wa kabureta ukifungwa kwenye gari la injekta utashika siku ya kwanza, pengine hata mwezi wa kwanza.

Soma maandishi ubavuni mwa mpira. Herufi SAE (kiwango cha wahandisi wa magari wa Marekani) 30R6 na 30R7 ni za presha ndogo: kabureta, mapito ya kurudishia, mvuke. Kwa injekta tafuta 30R9, ambayo imepangiwa presha ya kazi ya psi 100, yaani karibu bar 7, na ambayo ukuta wake wa ndani ni wa raba ya florini inayovumilia ethanoli. Ipo pia 30R14, ambayo haipitishi mvuke kwa urahisi, lakini usidhani kwamba namba kubwa ni presha kubwa. Ni ya presha ndogo na haifai kwenye injekta. Magari ya Ulaya yana mipira iliyoandikwa DIN 73379, kiwango cha Kijerumani. Humo mna aina nyingi chini ya namba moja, hivyo soma na presha iliyochapwa, usitosheke na namba. Mpira usio na maandishi yoyote uache kwa muuzaji.

Kuna mpira mmoja wa kuogopa zaidi, ule unaoishi ndani ya tangi, umezama kwenye petroli pamoja na pampu. Mpira wa 30R9 umetengenezwa uloe kwa ndani tu. Ukiuzamisha, ngozi ya nje na ncha zake zilizokatwa hunyonya petroli, huvimba, kisha huoza. Wa kuzama ni 30R10, na ukiuona utadhani umeibiwa maana urefu wa kiganja una bei ya mita nzima ya ule mwingine. Nunua tu.

Sasa magari mawili ambayo mwongozo huu hauyahusu moja kwa moja. La kwanza ni la K-Jetronic. Kwa presha ya bar 5, pamoja na kwamba mfumo hubaki na presha muda mrefu injini ikizimwa, mimi siweki mpira na klipu upande wa presha. Ninakata kola kama nitakavyoeleza, halafu nipeli nazipeleka kwa mafundi wa mipira ya haidroliki wazibane upya kwa kola mpya na mpira ulioandikwa kwamba ni wa petroli. Waambie wazi ni petroli. Mpira wa haidroliki wa kawaida ni wa oili. Una nguvu za kuinua kijiko cha trekta, lakini petroli huula ukuta wake wa ndani.

La pili ni gari ambalo bomba lake si raba bali nailoni ngumu, jeusi au la rangi ya maziwa, lililosukumwa kwenye nipeli yenye meno makali. Usichomeke mpira wa raba juu ya meno hayo ukafunga klipu. Yametengenezwa kukamata plastiki, nayo huikata raba kwa ndani.

Kipimo na klipu

Usipime mpira mkuukuu, umeshavimba. Pima nipeli kwa kalipa ya vernia ukishaifungua, au soma kipimo kwenye mpira kama bado kinasomeka. Mtego upo kati ya inchi na milimita: robo inchi ni milimita 6.35, tano kwa kumi na sita ni 7.9, tatu kwa nane ni 9.5. Magari mengi ya Kijerumani yana nipeli zinazotaka mpira wa milimita 7.5 hivi, na muuzaji atakupa wa tano kwa kumi na sita akisema ni ule ule. Tofauti ya nusu milimita huihisi mkononi, kwa sababu mpira unaingia bila kubishana nawe. Mpira wa petroli unaoingia kirahisi namna hiyo haufai.

Klipu nazo ni aina mbili. Ile ya kawaida ya mipira ya maji, yenye utepe uliotobolewa matundu ambamo skrubu inauma, iache kwenye rejeta. Matundu yake huikata raba, na utepe wake haubani duara sawasawa, hasa kwenye vipimo vidogo. Ya petroli ina utepe laini kwa ndani, kingo zake zimekunjwa nje, na hukazwa kwa bolti na nati ndogo. Kila klipu ina kiwango chake cha kipenyo, na kipenyo unachohitaji ni cha nje ya mpira ukiwa umeshavaa nipeli. Wengi hupima mpira mtupu, wakafika nyumbani na klipu zisizofika.

Kabla ya kugusa kitu

Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupai ukatoka dirishani. Unatambaa sakafuni, unajaa shimo la gereji, unaufikia moto ulio mbali na gari. Fanya kazi nje, au mahali palipo wazi pande mbili. Kusiwe na jiko, hita ya maji yenye kimoto cha kudumu, chaja ya betri inayofanya kazi, wala taa ya balbu ya kioo inayoweza kuanguka ikapasuka. Tochi ya LED inatosha. Mtungi wa kuzima moto, wa poda au wa povu, uwe mahali unapoweza kuufikia bila kuliruka gari. Vaa miwani, petroli iliyobaki na presha hurukia usoni.

Injini iwe imepoa kabisa, usiku mzima ndiyo vizuri. Tangi liwe na robo au chini yake.

Toa presha kwanza. Chomoa fyuzi au relei ya pampu, washa injini uiache inguruma mpaka ijifie yenyewe, kisha piga stata sekunde chache. Halafu ondoa waya hasi wa betri. Hata baada ya hapo usiamini. Unapofungua fitingi ya kwanza izungushie tambara nene, legeza robo ya duru, subiri presha iliyobaki iishe, ndipo uendelee. Kama fitingi ni ya nati mbili tumia spana mbili, moja ishikilie na nyingine ilegeze, la sivyo utalikunja bomba la chuma ambalo lina umri sawa na gari.

Kabla mpira wowote haujatoka, piga picha. Piga nyingi kuliko unavyoona aibu: mpira unapita wapi, uko juu au chini ya nini, kichwa chake kimeelekea saa ngapi. Kisha toa mipira yote pamoja na vichwa vyake, uiondoe kwenye gari. Ziba mabomba yaliyobaki wazi kwa vifuniko safi, si kwa tambara, maana nyuzi zake zitakwenda kwenye injekta. Kola isikatwe kamwe ikiwa bado ndani ya boneti, hata kama inaonekana inafikika. Msumeno hutoa cheche ndogo, grenda hutoa kubwa, na wewe umekaa juu ya tangi.

Kuivua kola

Mwaga petroli iliyobaki ndani ya mpira kwenye chombo cha chuma chenye kifuniko, kisha iache mipira ikauke nje kwa saa kadhaa. Kwa kazi hii unahitaji jiliwa, msumeno wa chuma wenye meno madogo, tupa ndogo bapa, bisibisi bapa, koleo mbili na chuma cha kulehemu kwa risasi. Grenda ndogo ya mkono inaharakisha, nami huitumia, ila mara ya kwanza tumia msumeno. Grenda haikupi muda wa kujuta.

1. Kata mpira wenyewe, sentimita mbili hivi kutoka ukingo wa kola. Hapo hakuna nipeli chini, kata kwa kisu bila hofu. Sasa una kichwa cha chuma chenye kisiki cha mpira.

2. Kishike kwenye jiliwa kwa upande wa kichwa, ukikikinga kwa vipande vya alumini au mbao. Usibane sehemu yenye nyuzi za skrubu, wala uso ule unaokaa kwenye washa.

3. Saga mstari kwenye kola kwa urefu wake. Lengo ni kuukonda ukuta wa kola, si kuutoboa. Chuma cha kola kwa kawaida hakifiki unene wa milimita moja, kwa hiyo piga msumeno mara tatu nne, tazama, piga tena. Ukiona mstari mweusi wa raba umeanza kutokeza mahali fulani, acha mahali hapo, hamia pengine.

4. Karibu na kichwa, kola nyingi hukunjwa kwa ndani zikaingia kwenye mfereji wa nipeli. Hapo chuma cha kola kinagusana na chuma cha nipeli bila raba katikati. Weka msumeno chini, malizia kwa tupa.

5. Chomeka bisibisi bapa kwenye mstari na uizungushe, usiisukume. Ukuta mwembamba utapasuka. Sogea, zungusha tena. Kola ikishafunguka upande mmoja ishike kwa koleo mbili uikunjue kama unavyokunjua kopo. Kama inagoma, saga mstari wa pili upande wa pili, itoke vipande viwili.

Raba itakayobaki juu ya nipeli ndiyo iliyonipatia somo la wembe. Ukitaka kuikata, lalisha kisu upande, ukichonge kisiki kama unavyochonga penseli, na ukiache kabla hujafika ndani. Njia ninayoipenda ni ya chuma cha kulehemu: kikishapata moto, kipitishe kwenye raba kwa urefu. Kinayeyusha raba na hakiwezi kukwaruza chuma, kisha kisiki chote kinavuka kwa koleo. Moshi wake ni mchafu, simama upande upepo unakotoka, na hakikisha kweli kisiki ni kikavu. Kama kichwa chenyewe ni cha plastiki, mfano baadhi ya injekta, sahau moto kabisa, rudi kwenye kuchonga taratibu.

Kuhusu injekta, angalia jambo moja kabla ya kuanza kusaga. Injekta nyingi za zamani zenye mkia wa mpira zina kitu kinachofanana na kola lakini hakikubanwa. Ni kikombe tu kilichoushikilia mpira usitanuke. Kola iliyobanwa ina alama za taya, kikombe ni laini pande zote. Kikombe kisagwe kisagike hakuna faida. Ondoa mpira, kikombe kibaki na injekta yake, utakirudisha pale pale.

Safisha nipeli kwa tambara na petroli kidogo, kisha itazame kwa lenzi ukiizungusha polepole mbele ya mwanga. Pitisha ukucha kutoka ncha hadi shingo. Ukucha ukikwama kwenye mstari wa urefu, usijidanganye. Mkwaruzo mwepesi unaweza kufutwa kwa msasa laini sana, namba 600 au zaidi, ukiuzungusha kama unang'arisha pete na si kwa kupandisha na kushusha. Mkwaruzo mzito unataka kichwa kingine. Meno yasisagwe kabisa.

Kufunga mpira mpya

Kata mpira kwa wembe mpya, pigo moja, mraba. Msumeno huacha vumbi la raba ndani. Upulizie hewa kabla ya kuufunga hata kama umeona ni msafi. Urefu upime kwenye mpira mkuukuu kati ya kola na kola, kisha uongeze kina cha nipeli zote mbili. Kosa la kusahau nyongeza hiyo nimelifanya zaidi ya mara moja, na mpira wa 30R9 si wa kutupatupa.

Weka klipu kwenye mpira kwanza. Ndiyo, nimewahi kusahau hilo pia.

Lainisha nipeli kwa tone la oili safi ya injini au petroli yenyewe. Grisi na mafuta ya silikoni usiguse. Sukuma mpira moja kwa moja ukiuzungusha kidogo, mpaka ugote kwenye shingo. Ukishindwa kwa mkono, tumbukiza ncha ya mpira kwenye maji ya moto dakika moja, ikaushe vizuri, jaribu tena. Ili ujue umefika, pima urefu wa nipeli kabla, na uweke alama ya chaki kwenye mpira umbali ule ule. Alama ikifika shingoni umemaliza. Kuna mipira inayosimama kwenye jino la mwisho kwa namna inayodanganya kabisa kwamba imegota.

Klipu ikae nyuma ya jino lililo karibu na ncha, juu ya sehemu ya nipeli iliyo imara, na si kwenye ukingo wa mpira wala nje ya nipeli. Kaza mpaka raba ianze kutuna kidogo pembeni mwa utepe, halafu acha. Klipu iliyokazwa hadi kuzama ndani ya raba imeshaanza kuikata. Kama nipeli ni ndefu na presha ni ya injekta, mtu anaweza kushawishika kuweka klipu mbili. Nipeli ikiwa sawa na mpira ukiwa sawa, moja inatosha. Ya pili mara nyingi huwa inaficha nipeli mbovu.

Fitingi za banjo, yaani zile zenye bolti iliyotobolewa inayopita katikati ya duara, zina washa mbili, moja kila upande. Ni za shaba au alumini, huminyika mara moja. Weka mpya, na za aina ile ile iliyokuwepo. Banjo inayovuja baada ya kazi hii karibu kila mara ni washa ya zamani iliyorudishwa.

Rudisha mipira ukifuata picha. Injini hutikisika na bodi haitikisiki, basi mpira unaounganisha viwili hivyo uwe na ulegevu kidogo. Usiguse ekzosi, usiguse ukingo wa bati, usikunjwe mpaka ubonyee. Mpira mpya mara nyingi una ukuta mnene kuliko wa zamani na haupiti kona uliyopita babu yake. Ukiona unabonyea, tafuta njia pana zaidi badala ya kuulazimisha.

Kujaribu

Acha fyuzi ya pampu kando kwanza. Pitia kila klipu kwa bisibisi, kila fitingi kwa spana mbili, futa kila kiungo kikauke kabisa. Kisha rudisha waya wa betri, kisha fyuzi. Mtu wa pili ashike ufunguo, wewe uwe na tochi mbele ya injini na mtungi wa moto miguuni.

Afungue swichi bila kupiga stata. Kwenye magari mengi pampu italia sekunde moja au mbili ikajaza mapito. Afunge, afungue tena, mara tatu nne. Kuna magari, mengi ya L-Jetronic yakiwemo, ambayo pampu haigeuki mpaka injini izunguke. Kwa hayo piga stata kwa muda mfupi mfupi. Kila mara pitisha karatasi nyeupe ya kufutia chini ya kila kiungo. Karatasi huonyesha unyevu ambao jicho halioni. Kwa viungo vilivyojificha tumia kioo kidogo.

Kukiwa pakavu, washa injini iachwe dakika kumi bila kukanyaga mafuta, kagua tena, zima, kagua tena. Ukiona tone lolote, zima mara moja, chomoa betri, toa presha upya ndipo ukaze. Hakuna kukaza klipu ya petroli injini ikiwa inanguruma, hata kama ni robo ya duru tu.

Kisha liache gari lilale. Ukaguzi ninaouamini ni wa asubuhi ya pili, kabla ya kuwasha, kila kitu kikiwa baridi na raba ikiwa imenywea. Fungua boneti, nusa kabla ya kutazama. Baada ya siku saba hivi za kuendesha rudi na bisibisi: raba mpya ikishaonja joto hutulia, na klipu moja au mbili zitakubali kukazwa kidogo. Andika tarehe kwa rangi nyeupe kwenye mpira mmoja unaoonekana, ili atakayefungua boneti miaka kumi baadaye asihangaike kukisia. Mipira mikuukuu iache nje ikauke siku kadhaa kabla ya kuitupa, na ile petroli kwenye chombo cha chuma, kama imejaa vipande vya raba, usiirudishe kwenye tangi.

Kola zilizokunjuliwa mimi huzitunza kwenye kikopo. Hazina kazi yoyote.